Mavyaa Wangu Asema Hamri Moja Halinidhuru

Mshauri mpendwa,

Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, mama wa watoto wawili, na kwa miaka 11 riziki yangu imekuwa ni mahamri. Nikishasali alfajiri huanza kusukuma, na jua linapochomoza wateja huwa wamesimama mlangoni na bakuli zao za mbaazi.

Kwa muda wa miaka miwili niliugua bila kujua naugua nini. Tumbo lilijaa gesi, choo kilikuwa chepesi mara tatu au nne kwa siku, nilipungua hata nguo zikanipwaya, na kila nilipopimwa niliambiwa damu ni kidogo. Vidonge vya madini ya chuma nilipewa mara tatu, vikaisha, damu isipande. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa amiba, nikatibiwa vidonda vya tumbo, na jirani mmoja akaniambia nina jicho la watu. Mwishowe daktari katika hospitali moja ya hapa mjini aliagiza kipimo cha damu ambacho sikuwahi kukisikia, kisha nikaingizwa mpira wenye kamera hadi kwenye utumbo mwembamba, vikachukuliwa vipande vidogo vya nyama, na majibu yakawa ni ugonjwa wa seliaki. Niliambiwa nisile tena ngano, shayiri wala rai, nafaka jamaa ya ngano, maisha yangu yote. Foleni ilikuwa ndefu. Kwa dakika tano nikaelezwa kwamba kinga ya mwili wangu inaushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni, nikatoka na karatasi mkononi.

Huu ni mwezi wa nne tangu niache ngano, na nafuu ninaiona. Taabu iko nyumbani. Mavyaa wangu, ninayeishi naye na kumheshimu kama mamangu mzazi, hajayakubali maneno ya daktari. Asema ngano imeliwa nyumba hii tangu enzi za babu zake, kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba mwili ni mazoea: nikila kipande kidogo leo, na kesho nikaongeza kidogo, tumbo litazoea lenyewe. Juma lililopita alinikatia nusu hamri mbele ya mawifi zangu, akaniambia, "Kula, mwanangu, hii haikuui." Nikaona haya, nikala. Baada ya kama saa moja na nusu nilitapika hadi kizunguzungu kikanilaza.

Nataka kuelewa. Itakuwaje chakula nilichokila miaka zaidi ya 30 kiwe adui leo? Kwa nini mwili usizoee kidogo kidogo? Niache biashara yangu? Na binti yangu wa miaka 9, ambaye ni mwembamba na hulalamika tumbo kila mara, nimwachishe ngano sasa hivi kama nilivyoacha mimi?

Ni mimi,
Mama wa Mahamri, Mji wa Kale

—

Wa alaykum salaam, Mama.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye haraka. Usimwachishe binti yako ngano kabla hajapimwa. Kipimo cha damu ulichofanyiwa hutafuta kingamwili maalumu, yaani protini ambazo kinga ya mwili huzitengeneza ziwe silaha zake, na kingamwili hizo hutengenezwa wakati gluteni ingali inaingia tumboni. Ukiiondoa, hupungua mwezi baada ya mwezi, na kipimo kinaweza kuonyesha kwamba mtoto hana kitu ilhali anacho. Mwache ale kama kawaida yake, mpeleke apimwe mapema, na umwombe daktari apime pia kiwango cha jumla cha kingamwili za aina ya IgA, kwa sababu wapo watu ambao kwa maumbile wana upungufu wa aina hiyo na kipimo cha kawaida huwapita bila kuwatambua. Mtoto wako wa pili naye apimwe, hata kama hajalalamika. Katika nchi nyingi ambako watu wamepimwa, ugonjwa huu humpata takribani mtu mmoja kati ya 100, lakini miongoni mwa wazazi, watoto na ndugu wa mgonjwa huwa ni karibu mmoja kati ya 10.

Sasa nije kwa mavyaa wako, na naomba nisieleweke vibaya: hakusema upuuzi. Yapo mambo mengi ambayo mwili huyazoea kwa kuyapata kidogo kidogo, na utumbo ndio mwalimu mkuu wa mazoea hayo, maana kila siku hupokea protini za kigeni kutoka kwa samaki, kunde, maziwa na nafaka bila kuzipiga vita. Wazo lake lilijaribiwa hata na wanasayansi. Ilitengenezwa sindano iliyoitwa Nexvax2, yenye vipande vya gluteni, ambayo wagonjwa walidungwa kwa kipimo kinachopanda hatua kwa hatua ili kinga ya mwili iizoee. Jaribio hilo lilisimamishwa mwaka 2019, kwa sababu haikuonekana kuwakinga wagonjwa kuliko sindano isiyo na dawa ndani yake. Ili ufahamu kwa nini mazoea yalishindikana, hatuna budi kukifuata kile kipande cha hamri tangu ulipokimeza.

Wewe unaijua gluteni kuliko madaktari wengi, ila hukuwa ukiiita kwa jina hilo. Ni ule unato unaoufanya unga uvutike unapoukanda, na ndio unaoishika hewa ya hamira hata hamri likafura ndani ya mafuta. Chukua donge la unga uliokandwa, lioshe polepole chini ya mfereji wa maji. Wanga mweupe utatiririka wote, na mkononi kitabaki kitu cha kunata kama ulimbo. Hicho ndicho. Protini zake, hasa zile ziitwazo gliadini, zimejaa asidi amino mbili, yaani matofali yanayojenga protini, ziitwazo prolini na glutamini. Prolini huifanya protini iwe kama kamba yenye mafundo: vimeng'enya vya tumbo na kongosho, ambavyo huikata nyama ya samaki ikawa chembe ndogo kabisa, hapa hukata kidogo kisha vikakwama. Mwaka 2002 watafiti walieleza kipande kimoja cha gliadini chenye asidi amino 33 ambacho hubaki kizima baada ya vimeng'enya hivyo vyote kumaliza kazi. Haya hutokea kwa kila mla ngano, mzima na mgonjwa, na wengi wao vipande hivyo hupita zao bila ya kuzua jambo.

Kwako wewe havikupita. Vipande vikishavuka utando wa utumbo mwembamba, hukutana na kimeng'enya cha mwili wako mwenyewe kiitwacho transglutaminesi, ambacho kazi yake ya kawaida ni kuunganisha protini na kutengeneza penye jeraha. Kimeng'enya hiki huigeuza glutamini ya kipande kile ikawa asidi ya glutamiki, na badiliko hilo dogo hukipa kipande chaji hasi ya umeme. Juu ya seli za kinga zinazokagua kila kinachoingia mna molekuli mfano wa sinia, zinazotumika kuvionyesha vipande vya protini kwa seli nyingine. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wana sinia ya aina iitwayo HLA-DQ2, na karibu wote waliosalia wana HLA-DQ8. Sinia hizi zina vishimo vinavyopenda chaji hasi, kwa hivyo kipande kilichogeuzwa hukaa humo kikatulia, na seli T, ambazo ni askari wa kinga, zinazopita hukiona na kukisoma kana kwamba ni alama ya mdudu wa maradhi.

Hapo ndipo vita huanza, navyo hupiganwa kwa pande kadhaa. Seli T hizo, ambazo zenyewe ni wasaidizi na waamrishaji, hutoa kemikali za kuitana kama vile interferoni gama na interlukini-21. Seli za utando wa utumbo, zikitaabika, hutoa interlukini-15 na kutokeza juu yake alama za dhiki. Seli nyingine za kinga, ambazo huishi katikati ya seli hizo za utando kama walinzi wa zamu, huziona alama na kuziua seli zilizozibeba. Ukuta wa utumbo wako ulipaswa kuwa na vidole vidogo vidogo visivyohesabika, vilivyosimama kama nyuzi za zulia zito, maana kwa vidole hivyo ndivyo chakula hunyonywa. Katika vita hivi hufupika, hata mahali pengine pakawa shwari kama sakafu. Sehemu inayoumia zaidi ni ile ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na hiyo ndiyo inayonyonya madini ya chuma. Vidonge ulivyopewa havikuwa vibovu. Vilikosa pa kuingilia.

Jambo moja humshangaza kila anayelisikia: kipimo chako cha damu hakikutafuta silaha dhidi ya ngano bali dhidi ya kile kimeng'enya chako mwenyewe, ambacho watafiti wa Ujerumani walikitambua mwaka 1997 kuwa ndicho kingamwili hizo zinachokilenga. Sababu inayoaminiwa na wengi ni kwamba kimeng'enya hunasana na gluteni katika kuifanyia kazi. Seli B, yaani seli ya kinga itengenezayo kingamwili, inayokitambua kimeng'enya hukimeza pamoja na gluteni iliyoning'inia, kisha huionyesha gluteni hiyo kwa seli T, na seli T, ikidhani imepata mwenzake wa vita, huipa ruhusa ya kutengeneza kingamwili. Gluteni ikikatika, seli B hukosa wa kumuunga mkono na kingamwili hushuka. Ndiyo maana daktari atakupima tena baada ya miezi, na kwa kipimo hicho ataweza kujua kama jikoni mwenu ngano ingali inapenya.

Lakini zile seli T haziondoki, na humu ndimo lilimo jibu la mazoea. Watoto wako walichanjwa surua wakiwa wachanga, na miili yao haijasahau hadi leo. Kinga huweka seli za kumbukumbu ambazo hukaa miaka mingi zikimngoja adui yuleyule. Seli zako zinazoijua gluteni ni za jamii hiyo hiyo, na zimepatikana kwa wagonjwa waliokwisha kuacha ngano kwa miongo kadhaa. Kipande kidogo cha leo na kikubwa kidogo cha kesho haviziombi zisahau, bali huzikumbusha. Ushahidi umeuona wewe mwenyewe. Wagonjwa walioacha ngano wakipewa gluteni kwa uchunguzi, kemikali za seli T, hasa interlukini-2, huonekana zikipanda katika damu ndani ya saa chache tu, na kutapika huja baada ya saa moja au mbili. Nusu ya hamri uliyokula haikuwa na uchafu wala kijicho. Ni jeshi lililoamshwa.

Kwa nini sasa, na si ulipokuwa msichana? Sinia za HLA-DQ2 au DQ8 ulizaliwa nazo, lakini katika jamii nyingi watu 30 hadi 40 kati ya 100 wanazo na wengi wao hula mkate hadi uzeeni salama. Pahitajika kisababishi kingine cha kuvunja ule upole wa kawaida wa utumbo, na wanasayansi wanashuku, miongoni mwa mengine, maambukizi ya virusi vya tumbo. Ugonjwa huanza katika umri wowote, utotoni au baada ya miaka 60.

Nitasema hesabu kidogo, kwa sababu neno "moja tu" ndilo litakalokutesa. Hamri lenye gramu 25 hivi za unga lina takribani gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2000. Katika uchunguzi mmoja, wagonjwa waliokula miligramu 50 kwa siku kwa muda wa miezi mitatu walianza kuharibika utumbo. Ukiligawa hamri lako vipande 40 vilivyo sawa, miligramu 50 ni kipande kimoja. Nusu kijiko cha chai cha unga mkavu, ule unaobaki juu ya kibao bila ya mtu kuujali, kina takribani miligramu 100. Wala usijipime kwa maumivu, kwani wako wagonjwa ambao utumbo huharibika kimyakimya wasihisi lolote, na siku usiyotapika haimaanishi kwamba hapakuwa na vita.

Kuhusu "ugonjwa wa Wazungu": Wazungu wenyewe walikula ngano kwa maelfu ya miaka bila kujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikiwaua baadhi ya watoto wao. Aliyelithibitisha jambo hilo alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ambaye shuku zake zilianza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na zikapata nguvu katika majira ya baridi ya njaa ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika na watoto hao wakapata nafuu, kisha wakazidiwa tena mkate uliporudi. Tasnifu yake aliitoa mwaka 1950. Na kiwango kikubwa mno kilichowahi kuandikwa hakikutoka Ulaya. Kilitoka Afrika hii hii, kwa watoto wa Kisahrawi, wenye asili ya Sahara Magharibi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta ugonjwa kwa watoto 5 hadi 6 kati ya kila 100. Kwetu unafanana mno na minyoo na amiba, na vipimo vyake si vya kila kliniki, kwa hivyo wengi hutibiwa kila kitu isipokuwa huo, kama ulivyotibiwa wewe.

Biashara sasa. Kuugusa unga kwa mikono hakukudhuru. Kinachodhuru ni unaoingia kinywani, na anayechekecha na kusukuma alfajiri katika chumba kidogo huuvuta puani na kuumeza pamoja na mate. Kwa maoni yangu, usiendelee kukanda na kusukuma wewe mwenyewe. Njia mbili naziona. Ya kwanza ni kumwachia wifi yako mmoja kazi ya unga, mahali palipotengwa na jiko lenu la chakula, nawe ushike mbaazi, mauzo na hesabu. Ya pili, ambayo mimi ningeipendelea, ni kugeukia vitu vya mchele: vibibi, vitumbua na mkate wa kumimina. Mchele wenyewe uupembue, uuroweke usiku, uusage nyumbani pamoja na tui katika mashine yako, usiupeleke kwenye kinu kinachosaga ngano. Karai, mafuta na chekecheke viwe vipya au viwe vyako peke yako, kwa sababu mafuta yaliyopikiwa mahamri hubeba unga hata yakichujwa, na viazi vitakavyokaangwa humo si viazi tu tena.

Mezani utakuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka, sima, muhogo, mbaazi, kunde, ndizi na pilau, na hapo hukupungukiwa. Mitego imo kwingine. Boko boko la harusini ni ngano tupu na nyama. Viazi karai hutiwa unga wa ngano, katlesi huviringishwa kwenye chenga za mkate, na tambi na kaimati za futari ni ngano zote mbili. Mkate wa mofa, ambao kwa asili ni wa mtama, siku hizi wengi huuchanganya na ngano, basi uliza kabla ya kuonja. Unga wa uji uliochanganywa tayari usiununue kabisa. Bizari nunua nzima, usage mwenyewe. Kwenye bidhaa za dukani, maneno "bila gluteni" kwa kipimo cha kimataifa humaanisha isiyozidi miligramu 20 katika kilo moja, na hiyo unaweza kuitegemea.

Limebaki la mavyaa wako, na si dogo. Kubishana naye mbele ya mawifi hakutafaa, wala si wewe wa kulisema. Mwachie mumeo, mtoto wake, azungumze naye faraghani, na siku ya kurudi kliniki mwende naye. Mwombe daktari amwonyeshe picha za utumbo wako zilizochukuliwa na kamera, kando ya picha ya utumbo mzima. Nimewaona wazee wakinyamaza mbele ya picha hizo, waliokuwa hawakubali neno hata moja kabla ya hapo. Kisha mwombe mavyaa wako akufundishe. Mwanamke wa umri wake, aliyelelewa Mji wa Kale, huenda anajua mkate wa mchele wa namna ambazo wewe uliyezoea ngano hukuzipata, na huo anaweza kukukatia mbele ya mtu yeyote, nawe ukaula bila kuona haya. Akishika kijiko cha ngano akakorogea chungu chako, mwambie kwa upole akioshe kwanza.

Ukirudi kwa daktari, muulize kama wakati umefika wa kupima tena damu na madini ya chuma, na kama mifupa yako inahitaji kuangaliwa, kwa kuwa madini ya kalsiamu nayo hukosa kunyonywa utumbo ukiwa hivyo. Usikate tamaa kingamwili zikishuka polepole; kwa mtu mzima utumbo huchukua mwaka, na mara nyingi zaidi ya mwaka, kuota upya vidole vyake. Majibu ya binti yako yakitoka, niandikie.